Kiinua mgongo changu kimegeuka barabara ya mtaa

BARUA

Mwanangu Mshauri,

Nakuita mwanangu bila kujua umri wako. Ni mazoea ya wodini, hayanitoki. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1988, nikastaafu Agosti 2024 nilipotimiza miaka 60. Mume wangu alifariki miaka saba iliyopita. Naishi na kitinda mimba wangu katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ambako tulipoanza palikuwa mikorosho mitupu na leo kila wiki unachimbwa msingi mpya.

Nianze na hela, maana najua utauliza. Mkupuo ulikuwa milioni 55 na ushee, na pensheni ya mwezi ni 558,000. Ukiisikia milioni 55 unaona ni bahari. Milioni 24 zilimalizia nyumba: dari, vigae, madirisha, choo cha ndani. Milioni 6 zilikuwa deni la SACCOS. Milioni 5 ada ya binti yangu. Milioni 3 nilimkopesha mdogo wangu anunue pikipiki, na sasa yeye na pikipiki wote siwaoni. Nyingine sijui zilikwenda wapi. Leo nina milioni 12 na kidogo, na nimeshazipangia kazi: nataka kufungua duka la dawa muhimu hapa hapa mtaani. Nimepiga hesabu, milioni 8 zinatosha kuanza.

Sasa barabara. Kutoka lami mpaka kwangu ni kilomita moja na nusu ya udongo, na katikati pana bonde. Mvua ikinyesha, maji yote ya juu yanashukia pale. Bodaboda ya 1,000 inakuwa 3,000, na bajaji wanakataa kabisa. Novemba 2024, vuli ilipokolea, niligongewa mlango saa nane usiku. Mke wa kijana mmoja mpangaji, uchungu umemshika, bajaji imenasa bondeni. Nilimzalisha kwenye kiti cha nyuma, binti yangu akinimulikia kwa tochi ya simu, maji yakitupita magotini. Mtoto wa kike, kilo sijui ngapi, lakini alilia vizuri. Nimezalisha wengi katika miaka 36, ila usiku ule ulinitisha kuliko yote, kwa sababu mama alianza kutoka damu na mimi sikuwa na kitu mkononi. Mungu alisaidia.

Wiki iliyofuata tukaitisha mkutano. Nyumba 64 zinaitumia barabara ile. Makalvati, malori ya kifusi na siku mbili za greda vilifika milioni 5.12, yaani 80,000 kila nyumba. Wote tulinyoosha mikono. Wakanichagua mweka hazina kwa sababu, walisema, mstaafu hana tamaa. Nyumba 17 zikalipa, yangu ikiwemo. Siku ya tisa mwenye greda akasema anaondoka kwenda kazi nyingine. Nikaenda benki, nikaziba pengo lote, milioni 3 na laki 7 na elfu 60, kama mkopo kwa mtaa. Tangu hapo waliorudisha ni nyumba tatu, 240,000. Wengine tunasalimiana vizuri tu.

Barabara ilipendeza, hata teksi za kuita kwa simu zikaanza kuingia. Masika yakaja. Mitaro ya pembeni hatukuwa tumejenga, maji yakala upande mmoja wa bonde, kalvati moja likabaki linaning'inia. Sasa fundi anasema tujenge mitaro ya mawe na tuweke kalvati kubwa zaidi: milioni 9.6, kila nyumba 150,000. Kwenye mkutano wa mwezi uliopita mzee mmoja akasimama: "Mama atangulize kama mara ile, sisi tutafuata." Wakapiga makofi. Na mimi, mwanangu, niliinama nikatabasamu.

Yupo mwenye yadi ya matofali, malori yake ndiyo yanaivunja barabara kuliko sisi sote, na hajatoa shilingi. Anasema yeye analipa kodi. Vijana wanataka tuweke kizuizi pale bondeni, mwenye gari ambaye hajalipa atoe 500 kila akipita. Mwenyekiti anasema serikali haina hela ya barabara yetu, ameshauliza. Mchungaji ananikumbusha kwamba mkono utoao ndio upatao. Binti yangu ameichukua kadi yangu ya benki akaificha, ananiambia, "Mama, barabara ni ya serikali, hela ni yako."

Kwetu Upare tulikuwa na msaragambo. Siku ikitangazwa watu walitoka na majembe, na asiyetoka alijulikana. Huku mjini nani anamjua nani?

La mwisho naona aibu kuliandika. Kazini waliniita Sista kwa miaka 36. Nilipostaafu simu ilinyamaza. Sasa watoto wa mtaani wananiita Mama Barabara, na nikilisikia jina hilo naona bado nina kazi. Vuli inakaribia. Nitoe au nisitoe?

Mama wa Bondeni

JIBU

Shikamoo Mama.

Umepatia, mimi ni wa kuitwa mwanangu, kwa hiyo nitakujibu kama mtoto anavyomjibu mama yake: kwa adabu, ila bila kukuficha ninachokiona.

Umeuliza utoe au usitoe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona maswali mengine mawili yamekaa chini ya hilo. Moja ni la nyumba zote 64: kitu cha wote kinalipwaje? La pili ni lako peke yako: mkunga asiyekwenda tena zamu ni nani? Hofu yangu ni kwamba unataka kuyajibu yote mawili kwa safari moja ya benki.

Barabara yenu haina mlango. Aliyetoa 80,000 anapita, asiyetoa naye anapita, na kupita kwake hakumzuii mwenzake. Ni kama taa unayowasha nje usiku: unaiwasha kwa usalama wako, jirani anaona njia, na huwezi kumtoza. Wachumi huviita vitu hivi bidhaa za umma, na Paul Samuelson, Mmarekani, aliandika mwaka 1954 makala ya kurasa chache kuonyesha kwa nini haviuzwi kama nyanya sokoni. Kila mtu akikaa na hesabu yake anaona hivi: barabara ikijengwa nitapita hata nisipotoa, isipojengwa 80,000 zangu zisingeijenga. Watoto wa Dar wanaujua mchezo huo, wanauita kudandia. Lori linakwenda, wewe unaning'inia nyuma, na dereva ndiye anayenunua mafuta.

Mwaka 1965 mchumi mwingine, Mancur Olson, akaongeza jambo ambalo ungedhani aliishi mtaani kwenu. Alisema katika kundi lenye haja moja, yule mwenye haja kubwa kuliko wenzake huishia kubeba mzigo uliozidi sehemu yake, na wadogo humwegemea. Hawakukaa kikao cha kukunyonya, Mama. Wameshaona tu kwamba wakinyamaza, wewe utajenga. Kwa hiyo kilichokosa mlango mtaani kwenu sasa ni vitu viwili: barabara na kiinua mgongo chako. Mdogo wako alipita humo na pikipiki kabla ya greda.

Hata hivyo, kuna neno lako linanisumbua: "wengine tunasalimiana vizuri tu." Nimeusikia uchungu uliomo. Lakini una hakika nyumba 44 zilizobaki zote ni za wadandiaji? Yako majaribio mengi ambayo watafiti wamefanya, wakiwapa watu hela na kuwaambia wachangie mfuko wa pamoja. Watu huanza vizuri, wakitoa kama nusu ya walichonacho. Raundi zinavyokwenda wanapunguza, na sababu kubwa ni kwamba wamewaona wengine hawatoi. Wengi wetu, yaani, ni watoaji wenye masharti: nitatoa nikikuona na wewe umetoa. Sasa niambie, mtaani kwenu nani alipata nafasi ya kumwona mwenzake? Uliziba pengo siku ya tisa. Huenda kuna waliokuwa wakisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na wengine walikuwa wakichungulia jirani kaanza au bado. Ulipoziba, hakukuwa tena na kitu cha kuchangia. Kilichobaki kilikuwa deni kwako, na deni kwa mstaafu mpole ndilo la mwisho kulipwa katika nyumba yoyote. Sikulaumu. Greda lilikuwa linaondoka na ulikuwa bado unaiona damu ya yule mama. Nasema tu kwamba tabia ya majirani zako hamjaipima. Mmepima siku tisa.

Tena, nyumba si mtu. Katika hizo 64 ngapi ni za wapangaji? Mpangaji ajenge mtaro wa miaka 20 na kodi yake inaisha Desemba? Na mwenye nyumba anayeishi kwingine, ambaye barabara ikinyooka ndiye atakayepandisha kodi, ameulizwa? Na vile viwanja vitupu? Umeniambia kila wiki unachimbwa msingi mpya. Mwenye kiwanja kisicho na nyumba hamkumhesabu, na bei ya kiwanja chake ilipanda siku ile ile teksi ya kwanza ilipoingia. Mimi ningekuwa ndani ya kamati yenu, daftari la viwanja ningelifungua kabla ya lile la nyumba.

Umeutaja msaragambo, nikafurahi, kwa sababu nadhani jibu lako nusu liko Upare. Kumbuka vizuri: yuko mtu aliyewahi kulima sehemu ya wote halafu akawadai? Mtu alitoa siku yake na jembe lake. Wachagga nao mifongo yao ya maji kutoka Kilimanjaro iliendeshwa hivyo, ukoo kwa ukoo, na asiyekuja kusafisha mfereji alitozwa faini au alinyimwa zamu ya maji. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kutazama watu wa namna hiyo: wafugaji wa milima ya Uswisi, wanavijiji wa Japani na misitu yao, wakulima wa Valencia kule Hispania na mifereji yao. Aliona kwamba si lazima kitu cha wote kiharibike, wala si lazima kisubiri serikali au tajiri. Waliofaulu walijua nani ni wao na nani si wao, walitunga kanuni zinazolingana na hali yao, walichungana wenyewe, na adhabu ilianza ndogo. Katika mambo hayo mtaa wenu una lipi? Mnyoosho wa mikono na mama mpole.

Ila tusijidanganye, maji ya mfongo yana zamu, unaweza kumnyima mtu. Barabara hainyimiki kirahisi hivyo, na hapo ndipo vijana wenu wanapokuja na kizuizi. Nawaelewa. Serikali yenyewe hutumia ujanja unaofanana na huo: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu umeme una swichi na barabara ya mtaa haina. Lakini kizuizi chenu kitakaa kwenye njia ya umma, na kutoza watu pale bila mamlaka kunaweza kuwafikisha polisi. Nani atakaa hapo saa nane usiku? Na bajaji ile ya Novemba, kama yule kijana mpangaji hakuwa amelipa, mngemwomba risiti? Wewe usingeomba. Ila fimbo ikishakuwepo mkononi, huchagui mwenyewe nani ataishika kesho.

Mwenye yadi ya matofali anasema analipa kodi. Ana nusu ya haki. Kila lita ya dizeli anayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Lakini hata bodaboda wa 1,000 analipa tozo hiyo hiyo, na bodaboda hapasui barabara. Kwa lori la tani nyingi barabara yenu si taa tena, ni chapati: akila yeye, mwenzake anapungukiwa. Ningeenda kwake mchana, si mkutanoni ambako itabidi ajitetee mbele za watu. Na nisingeenda kumwomba hela. Ana malori, pengine anajua mawe yanapatikana wapi kwa bei ya chini. Safari 10 za mawe kwake ni kitu kidogo kuliko kwenu 64. Anaweza kukataa, ndiyo. Lakini aliwahi kuulizwa kama mfanyabiashara, au alisomewa tu kwenye orodha ya wadaiwa?

Kuhusu mwenyekiti: ameuliza wapi, kwa mdomo au kwa barua? Barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na kwa mhandisi swali la kwanza si hela, ni kama barabara yenu imo kwenye orodha ya zile zinazotambuliwa. Muhtasari wa mkutano ukipitia kwa mtendaji wa mtaa, ukafika kwa diwani na kamati ya maendeleo ya kata, huwa karatasi yenye mhuri. Upo pia mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, kwa sheria ya 2009, unaotazama zaidi miradi ambayo wananchi wameshaianza; ninyi mmeanza, na risiti unazo wewe. Njia hii ni ndefu. Inaweza kula masika mbili, na inaweza kuishia droo ya mtu. Ila hata mkikosa hela, mwombeni mhandisi aje aone lile bonde. Kalvati mliloweka limening'inia kwa sababu maji hayakuulizwa yanataka kwenda wapi. Mtaro wa mawe uliokaa vibaya unaweza kuyahamishia sebuleni kwa jirani wa chini, na hapo Mama Barabara ataitwa jina lingine.

Sasa tuzungumze hela yako, polepole. Mtaa ukilipa kama ulivyolipa mara ya kwanza, nyumba 20 zitatoa milioni 3. Pengo ni milioni 6.6. Ukiliziba, unabaki na milioni 5 na kidogo, na duka la dawa limekwenda na maji. Mkupuo mwingine hauji. Zile 558,000 ni zako mpaka mwisho, lakini hazipandi zenyewe kila bei ya unga inapopanda.

Unajua, tumekuwa na ugomvi mrefu nchini juu ya kikokotoo, yaani hesabu ya kugawa mafao ya mstaafu kati ya mkupuo na pensheni ya mwezi, tangu 2018. Kanuni ya Julai 2022 ilifanya mkupuo kuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa ninyi ambao mifuko yenu ya zamani ilikuwa ikiwapa nusu. Wastaafu walikasirika, na sioni kosa lao. Hela ni yao na walishaipangia. Lakini nikisoma barua kama yako naona jambo ambalo katika ugomvi ule halikusemwa sana. Ile sehemu inayokuja kila mwezi haina wa kuidandia. Hakuna mzee atakayesimama mkutanoni aseme Mama atangulize pensheni ya Februari. Mkupuo ndio unaoonekana, unaosikika mpaka kanisani. Milioni 12 zako zikikaa kwenye akaunti ambayo kadi yake imo kwenye mkoba, na wewe ni mtu wa kugongewa saa nane usiku, zitapata mgonjwa tu. Binti yako ameificha kadi. Sijui kama ni adabu, lakini nadhani ameona alichokiona. Mngekaa chini mkazungumza kuhusu akaunti ya muda maalumu au dhamana za serikali, kadi angekurudishia mwenyewe. Na duka nalo, niruhusu niseme, lina mtego wake: wale wale wanaokusalimia vizuri watakuja kuchukua Panadol wakisema watalipa mwisho wa mwezi.

Unaweza kutoa 150,000 zako, mbele ya watu, ya kwanza kabisa, halafu ukae. Utalala na hela yako. Vuli inaweza kufika bonde likiwa wazi, na usiku mmoja ukagongewa tena. Hilo usilichukulie kirahisi, kwa sababu mimi nitakuwa nimelala na wewe ndiye utakayeshika tochi.

Unaweza kusema hivi: kila nyumba 10 zikilipa, mimi naongeza laki moja na nusu, mpaka nyumba zote ziishe, na haizidi hapo. Kwa nyumba 64 hutavuka laki 9. Hela iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, majina ya waliolipa yabandikwe ofisi ya mtaa kila Jumapili, na ikifika tarehe fulani kiasi hakijatimia kila mtu arudishiwe chake. Hilo la kurudisha hela, watu hulidharau, lakini ndilo linalomtoa yule wa "nitatoa nikikuona". Asiye na 150,000 atoe siku mbili za kubeba mawe, ziandikwe kwenye daftari kama hela. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatari yake ni wewe mwenyewe. Siku ya tisa itafika, fundi atasema anaondoka, na utatazama mkoba.

Au mnaweza kuacha milioni 9.6 na kujenga mita chache za bondeni kwanza, zile zinazoamua kama bajaji inapita au haipiti. Na unaweza kutoa yote. Mchungaji hakukosea, na mimi si mtu wa kumzuia mama kutoa sadaka. Ila kama ni sadaka, iite sadaka tangu siku ya kwanza, usiiite mkopo. Ule mkopo wa milioni 3 na nusu umekuumiza zaidi kwa jina lake kuliko kwa ukubwa wake.

Hapo nafika kwenye aibu yako, ambayo sioni kwa nini ni aibu. Miaka 36 watu wamekuita Sista wakiwa na uchungu, na ukaenda. Halafu asubuhi moja simu ikanyamaza. Wastaafu wengi hujiandaa kukosa mshahara na hawajiandai kukosa kuitwa. Mtaa ukakuita, ukaenda, ungefanyaje tena? Ninachojiuliza ni kama jina la Mama Barabara lilitoka kwenye hela au lilitoka kwako. Wale watoto hawajui salio lako la benki. Wanakujua unayesimama juani na daftari, ukibishana na dereva wa kifusi kwamba lori halikujaa. Ukiwaambia watu wazima kwamba uweka hazina utaendelea nao ila benki ya mtaa imefungwa, baadhi watanuna. Ni akina nani watanuna, na kuwajua kuna faida gani kwako, wewe ndiye utakayeona.

Jambo moja unaweza kulifanya kesho, na halina gharama. Nenda kwa yule kijana mpangaji na mkewe, ukamwone mtoto. Hukuniambia kama wao walilipa 80,000, na nadhani hujataka kujua. Usiwaulize pia. Waambie tu kuna mkutano Jumapili na ungependa waje na mtoto, wakae mbele, karibu na mzee yule aliyesema utangulize.

Kisha uniandikie vuli ikianza, Mama, unieleze maji yamepita upande gani.